Nimeagiza miwani mtandaoni, sakafu ya darasa imeinama. Nimekosea wapi?

MwalimuWaMvua (Tukuyu)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimevaa miwani ya zamani iliyofungwa uzi mweusi wa kushonea kwenye bawaba, kwa hiyo herufi zikirukana mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na macho yangu hayaoni mbali tangu nikiwa darasa la tano. Bila miwani, mtoto wa dawati la tatu simjui kama ni wangu au wa jirani. Mwezi wa tano mwanangu wa mwisho akaikalia miwani kwenye kochi. Kwenda Mbeya kutafuta nyingine ni nauli, ni siku nzima, na ni kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na hayo tuyaache. Mwalimu mwenzangu akanionyesha duka moja la mtandaoni (jina nalihifadhi), bei nusu ya niliyotajiwa mjini. Unapakia picha yako, fremu inakukaa usoni, ukigeuza kichwa nayo inageuka. Nikachagua fremu kubwa ya kahawia, hizi za mtindo wa sasa zinazofika hadi kwenye nyusi. Kwenye simu nilipendeza, sitaficha.

Nikajaza namba kutoka kwenye karatasi niliyopimiwa hospitali mwezi wa tatu, imeandikwa kwa mkono (OD ni jicho la kulia, OS la kushoto, SPH ndiyo nguvu ya kioo):

OD: SPH -5.50, CYL -1.25, AXIS 17
OS: SPH -6.00

Kukawa na kisanduku kinauliza PD. Karatasi yangu haina PD. Nikakiacha, kikajijaza chenyewe 63. Nikasema hawa ndio wenye kazi yao, wanajua. Nikalipa kwa simu, baada ya wiki tatu mzigo ukashuka stendi na basi la kutoka Dar.

Siku ya kwanza naingia nayo darasani, sakafu imeinama. Si kizunguzungu cha kuanguka, ni sakafu yenyewe kama imeelekea mlangoni. Kushuka ngazi tatu za ofisi nilishika ukuta, watoto wakadhani naumwa mguu. Nikiinama kusahihisha, miwani inatua juu ya daftari. Vioo upande wa masikio ni vinene kama kitako cha glasi. Na kuna hili: nikifumba jicho la kulia nikatazama kwa la kushoto tu, ubao uko safi. Nikibadilisha, nikatazama kwa la kulia tu, kila herufi ina kivuli chake pembeni. Ikifika saa nane kichwa kinauma nyuma ya macho.

Nikawaandikia, wakajibu nitazoea ndani ya wiki mbili. Leo ni wiki ya tatu.

Naomba kujua nimekosea wapi. La pili, mdogo wangu ana sendoff mwezi wa kumi na mbili. Anataka lenzi za kuvaa jichoni za rangi ya kijivu, kaziona kwenye ukurasa wa dada mmoja anayeuza na kope za bandia. Amenishawishi na mimi niagize zenye namba, niondokane na miwani siku hiyo. Naweza kutumia karatasi hii hii?

Ulanzi_Baridi (Iringa)

Mwalimu pole. Mimi yangu nilinunua kwa machinga pale Miyomboni, plus mbili, nikasoma gazeti papo hapo nikaondoka. Haya mambo ya kupakia sura mtandaoni mnajitakia wenyewe.

FundiVioo (Mbeya)

Ulanzi, hiyo yako ni ya kusomea, vioo vyote namba moja, unaivaa dakika kumi unaivua. Mwalimu ana minus sita, na anaivaa tangu kunakucha. Msichanganye.

Mwalimu, habari za Tukuyu. Mimi nakata vioo huku Mafiati mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kabla sijasema nisaidie mambo mawili. Kwanza, chukua miwani yenye uzi, tazama upande wa ndani wa mkono wake, ule unaopita sikioni, utaona namba mbili zimetenganishwa na kijisanduku, halafu ya tatu. Zisome, kisha usome na za miwani mpya. Pili, rudi kwenye karatasi, jicho la kulia, utazame hiyo AXIS vizuri. Mkono wa mpimaji mara nyingi huandika namba zinazoishia na sifuri au tano. Hiyo 17 siielewi.

MwalimuWaMvua

Ya zamani: 48□18, halafu 135. Mpya: 54□17, halafu 145.

Kuhusu AXIS, nimepeleka karatasi dirishani. Imeandikwa 17 na kiduara kidogo juu yake. Mimi nilijua ni alama ya digrii, nafundisha hesabu jamani! Sasa nikikitazama ni kikubwa kidogo kuliko digrii.

FundiVioo (Mbeya)

Ndiyo hicho. Ni 170. Ndiyo maana sisi tulifundishwa kuandika tarakimu tatu, 017 au 170, na kile kiduara cha digrii tusikiweke kabisa, kwa sababu kinasomeka kama sifuri, na sifuri inasomeka kama chenyewe. Aliyekuandikia alikuwa na foleni.

CYL ni nguvu ya kioo inayofanya kazi kwa mwelekeo mmoja tu, na AXIS ndiyo inayoonyesha imewekwa kwa mwelekeo upi, kuanzia 1 hadi 180. Sasa hesabu na mimi. Mstari wa 180 na wa sifuri ni mstari ule ule umelala. Kutoka 170 kwenda 180 ni kumi, ongeza 17, umeugeuza mstari kwa digrii 27. Ukifika 30, faida yote ya CYL inakuwa imeisha, hata usingewekewa ingekuwa sawa. Kile kivuli cha herufi kimetoka hapo. Hakuna kuzoea hapo, Mwalimu, hata ukikaa nayo hadi Krismasi.

Tuje kwenye PD. Ni umbali wa mboni hadi mboni kwa milimita. Kila kioo kina kitovu chake, na kitovu kinatakiwa kikae mbele ya mboni yako. Wenzetu wa mtandaoni usipowapa namba wanaweka ya mtu wa wastani. Akina mama wengi ninaowapima mimi wanaanguka kati ya 56 na 62. Tuseme yako 58. Wamekukatia 63, zimezidi tano, kila jicho linatazama milimita mbili na nusu pembeni ya kitovu. Kwa mtu wa minus moja wala asingejua. Kwa minus sita, kila kitu kilicho mita moja mbele yako kinasogezwa sentimita moja na nusu, na jicho la pili linasogezewa karibu hivyo hivyo kwa upande wa kinyume. Ili usione viwili, macho yanalazimika kufunguka kwenda nje kidogo. Kuja ndani, kuelekea pua, macho yanaweza sana, ndiyo kazi yao ukisoma. Kwenda nje hayana nguvu hiyo. Kichwa cha saa nane ni misuli hiyo inalia.

Kwa hiyo pima PD leo. Vitabu vinasema weka rula, soma katikati ya mboni hadi katikati ya mboni. Lakini macho yetu ni ya kahawia iliyokolea, mboni humo ndani haionekani, utakisia tu. Mimi napima hivi: mtu akae mbele yako, urefu wa mkono, wewe tazama kitu cha mbali kupitia juu ya bega lake, tuseme mti ulioko ng'ambo ya barabara. Yeye aweke rula juu ya pua yako, sifuri ikae ukingo wa NJE wa duara jeusi la jicho la kulia, kisha asome ukingo wa NDANI wa duara jeusi la jicho la kushoto. Jibu ni lile lile la mboni hadi mboni, ila ukingo wa duara unauona. Asome la kulia kwa jicho lake la kushoto, na la kushoto kwa jicho lake la kulia, kichwa kisitikisike. Apime mara tatu. Rula iwe ya milimita, na si ile ya mtoto iliyotafunwa mwanzoni.

Au ukipita hospitali waombe wakuandikie. Wana kifaa chake, ni dakika moja.

Sasa fremu, ambako ndipo watu wanapoteza hela bila kujua. Zile namba: 48 ni upana wa kioo kimoja, 18 ni daraja la pua, 135 ni urefu wa mkono hadi ncha. Jumlisha mbili za kwanza. Ya zamani 48 na 18, 66. Mpya 54 na 17, 71. Toa PD yako ya 58. Ya zamani inabaki 8, kila kioo kinasogezwa milimita 4 kuelekea puani. Mpya inabaki 13, kila kioo milimita 6 na nusu. Kioo cha minus ni chembamba kitovuni, kinanenepa kadiri unavyokwenda pembeni. Ukikivuta kitovu kuja puani, upande wa sikio unabakiwa na mnofu wote. Hicho ndicho kitako chako cha glasi, na hapo wamekata kwa 63! Wakikurekebishia kwa 58 ndani ya fremu hiyo hiyo, kitanenepa zaidi. Fremu hiyo si yako, Mwalimu, hata kama ilikupendeza kwenye simu. Wenye minus tano kupanda, vioo vya 46 hadi 49 ndivyo vyenu, vya duara au vyenye kona zilizolainishwa. Vioo vyenyewe omba vile vya 1.60 au 1.67, hiyo namba kadiri inavyopanda ndivyo kioo kinavyokuwa chembamba kwa nguvu ile ile. Lakini fremu ndogo inakupunguzia unene bila kuongeza hata shilingi.

Kuhusu kuteleza. Mkono wa 145 kwako mrefu, pale unapokunjika pamepita nyuma ya sikio, kwa hiyo hakuna kinachoishika. Na daraja la fremu za plastiki limechongwa moja kwa moja, wengi wanaozichora wana pua nyembamba iliyosimama. Kwa pua pana kama yangu, fremu inakaa mashavuni, ukicheka inapanda. Tafuta yenye vile vimpira viwili vya puani juu ya waya, hivyo nakupanulia au nakubania kwa koleo unavyotaka.

Ile picha ya kujaribishia haijui pua yako ina kina gani. Baadhi ya programu hukuomba ushike kadi ya benki usoni, kwa sababu kadi hizo duniani kote zina upana wa milimita 85.6, inapata kitu cha kulinganisha. Isipokuomba chochote, inabandika tu. Mimi sisemi msinunue mtandaoni. Nawaambia wateja wangu wenyewe, kama una miwani ya zamani iliyokukaa vizuri, wewe una kipimo bora kuliko picha yoyote. Soma namba za ndani ya mkono, tafuta fremu zinazokaribiana nazo, tofauti ya milimita mbili hivi kwa upana wa kioo. Urembo ufuate baadaye.

Na wakikushawishi uongeze hela ya kioo cha kuzuia mwanga wa bluu wa simu, hiyo hela nunua sukari. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya) ya mwaka 2023 yalikusanya majaribio yaliyofanyika, na kwa uchovu wa macho kwenye kompyuta hayakuona tofauti ya maana na kioo cha kawaida. Kile cha kupunguza mng'ao kilipie, kinastahili.

Mzee wa Kitonga (Makambako)

Naongezea upande wa madereva, maana nami niliumia. Nina lori, Dar hadi Tunduma. Niliagiza zile zinazojigeuza rangi juani, wakati huo najiona mjanja, miwani mbili kwa bei ya moja. Ndani ya kabini hazigeuki! Nimekaa kwenye jua la Chimala, macho yanawaka, vioo vyeupe kama maji. Nikadhani nimepigwa. Baadaye fundi mmoja akanieleza zinageuzwa na mionzi ile ya jua inayochoma ngozi, na kioo cha mbele cha gari kinaizuia.

Nashuka Makambako asubuhi mwezi wa saba, upepo ule mnaujua, jua lipo na baridi ipo. Zikawa nyeusi tii. Naingia hotelini kunywa supu, sioni kiti. Kumbe baridi inazifanya zikolee zaidi na zichelewe kurudi. Kwa mtu wa Njombe au Makete hilo alijue kabla ya kulipa.

Na zile za njano za kuendeshea usiku ninazoona vijana wanaziagiza: zinakupunguzia mwanga wakati ambao mwanga wenyewe hautoshi. Nilishuka nazo Kitonga usiku mmoja tu. Zimebaki kwenye droo.

Dada_Kihesa (Iringa)

Mwalimu, mimi nitajibu la lenzi, fundi amemaliza la miwani.

Navaa lenzi za jichoni mwaka wa sita sasa, na nilianza vibaya, ndiyo maana naandika mrefu. Nikiwa chuo, mwenzangu wa chumba alikuwa na za rangi ya asali. Mimi nina minus, zake hazikuwa na namba, tukawa tunazivaa kwa zamu kwenye sherehe. Tunazihifadhi kwenye kikopo chake, dawa ikiisha tunaweka maji ya bomba, na siku moja nilizilowesha kwa mate, Mungu anisamehe. Jumatatu moja niliamka jicho la kushoto limejaa, likaona mwanga kama pilipili. Kidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Nilitiwa matone kila saa, usiku na mchana, kwa siku za mwanzo. Mama alitoka Mafinga kuja kushika saa. Nilipona, ila hadi leo kuna doa dogo, nikitazama taa ya bodaboda usiku nalijua lilipo.

Daktari alinieleza kuhusu maji. Kwenye maji ya bomba, ya kisima, ya mvua, kuna kijidudu jamii ya amiba, Acanthamoeba. Ukiyanywa wala hutajua. Kikikwama kati ya lenzi na jicho kinatafuna konea, na tiba yake ni miezi. Maji hata yakiwa meupe kama ya Rungwe hayagusi lenzi. Usiogee nazo, usilale nazo. Mikono unaosha kwa sabuni na UNAIKAUSHA kwanza. Maji ya chumvi, yale ya kusafishia vidonda, hayaui wadudu, yanasuuza tu. Lazima dawa yake ya lenzi, mpya kila siku, si kuongezea juu ya ya jana. Kikopo unatupa kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu karatasi yako: haitoshi. Karatasi ya lenzi ina vitu ambavyo ya miwani haina. Kuna BC, mkunjo wa lenzi, na DIA, upana wake. Za kwangu ni 8.6 na 14.2. Dada mwenzangu kazini ni 8.4, akivaa zangu zinaelea. Lenzi ikibana jicho linakosa hewa, ikilegea inakwangua kila ukipepesa. Hayo hupimi kwa rula, mtaalamu anakuvalisha, anakutazama kwa mashine yenye mwanga, anasubiri, anatazama tena. Na namba yenyewe inabadilika. Miwani inakaa milimita kumi na mbili hivi mbele ya jicho, lenzi iko juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo kuanzia minus nne kupanda nguvu inapungua. Mimi miwani ni -4.75, lenzi ni -4.50. Wewe wa -6.00 utaangukia kama -5.50. La kulia lina CYL, hilo linataka lenzi ya aina yake, isiyozunguka jichoni. Ukipata karatasi hiyo, mtandaoni agiza bila wasiwasi, mimi mwenyewe naagiza. Angalia tu boksi limefungwa, tarehe haijapita, na namba zote zilingane, hata jina la lenzi lisibadilishwe kwa "hii ni kama ile".

Mdogo wako hana namba, lakini jicho analo. Marekani tangu mwaka 2005 sheria inahesabu hata lenzi ya urembo isiyo na namba kuwa kifaa tiba, haiuzwi bila cheti. Huku kwetu anayeuza kope anauza na lenzi, anakuuliza rangi tu. Akitaka kweli, apimwe mkunjo, anunue za siku moja, azivae saa chache za ukumbini, azitupe usiku ule ule. Azivae KABLA ya kupakwa poda na wanja. Na asimwazime msimamizi wake eti apige picha mbili. Akipata wekundu au maumivu, azitoe na aende hospitali asubuhi ile, asisubiri sendoff iishe.

Ulanzi_Baridi (Iringa)

Dada_Kihesa nimeacha kucheka. Kamwene. Naomba kuuliza, hizi plus zangu mbili, na mimi nina PD?

FundiVioo (Mbeya)

Unayo mkuu, kila mwenye macho mawili anayo. Ila kwa plus mbili ya dakika kumi, endelea tu. Ikianza kukuuma kichwa njoo upimwe, huenda macho yako hayalingani na machinga alikupa sawasawa kote.

Na walimu wenzake Mwalimu waliovuka arobaini, wanaotaka kioo kimoja cha mbali na karibu kwa pamoja: hicho msiagize kwa picha. Kinahitaji urefu kutoka mboni hadi chini ya fremu, nao unapimwa fremu ikiwa tayari usoni kwako, imeshakunjwa ikakaa. Kikikosewa milimita mbili tatu, unatembea umeinua kidevu kama unapiga paredi.

MwalimuWaMvua

Nimerudi. Mwalimu wa sayansi amenipima ofisini, wote wamesimama kutazama: 58, 59, 58. Fundi, hujaniona hata sura.

Nimewaandikia tena wale wauzaji. AXIS wamesema kosa ni langu, na ni kweli, nimekubali. PD nikawauliza, kwa nini kisanduku kijijaze bila kuniambia? Wakanyamaza siku mbili, kisha wakasema watanikatia vioo upya kwa nusu bei nikichagua fremu nyingine. Nimechagua 48□19, mkono 140, ina vimpira vya puani. Haifiki kwenye nyusi. Nimeandika 170, nikapiga simu hospitali wakanisomea wenyewe kutoka kwenye daftari lao, moja saba sifuri. Kioo 1.67. Cha bluu nimekataa.

Mdogo wangu nimemsomea maneno ya Dada_Kihesa kwa sauti, hadi pale pa mate. Alikaa kimya, halafu akasema basi atabaki na macho yake ya nyumbani. Baadaye nikasikia anaulizia bei ya kope. Hizo sijui, mtaniambia kwenye uzi mwingine.

Mimi lenzi nimeahirisha. Chaki na vumbi la mwezi wa tisa, siamini kama naweza kunawa mikono mara zote hizo.

FundiVioo (Mbeya)

Ikifika usivuke nayo barabara siku ya kwanza. Kaa nyumbani, funga jicho moja moja, tazama kalenda ukutani, halafu shuka ngazi ukiwa umeshika kitu. Mkono wa 140 bado kwako umezidi kidogo, usijaribu kuukunja juu ya jiko la mkaa, moto utapasua ule utando wa juu ya kioo na utaona nyufa kama za tope kavu. Ukija Mbeya pita Mafiati nikukunjie, ni dakika tano.

MwalimuWaMvua

Ndaga fijo. Bei gani kukunja?

FundiVioo (Mbeya)

Kukunja sitozi. Mtu wa Tukuyu akija na ndizi sirudishi.